Chainlink, Pyth, TWAP au bei ya jukwaa lenyewe? Ulinganisho wa orakoli kwa anayefanya biashara ya kripto akiwa Mwanza

Mkataba janja, yaani programu inayojiendesha ndani ya blokucheni, haujui bei ya ETH, sarafu ya Ethereum. Umefungiwa ndani ya blokucheni, mnyororo wa kumbukumbu za miamala, na hauwezi kuchungulia masoko kama Binance wala Coinbase. Bei inaletwa na orakoli, yaani mfumo unaokusanya bei nje na kuiandika ndani ya mnyororo, na mkataba unaamini kilichoandikwa. Namba hiyo ndiyo inayoamua kama mkopo wako uko salama au dhamana yako iuzwe kwa lazima, kitendo ambacho matreda wanakiita likwidesheni. Mnunuzi wa dagaa aliyeko Ukerewe, anayenunua kwa bei aliyopigiwa simu kutoka Mwaloni Kirumba, ameshaielewa hali hii: bei inaweza kuwa ya kweli lakini ya asubuhi, inaweza kuwa ya sasa hivi lakini ya mnunuzi mmoja tu, aliyeitaja anaweza kuwa amekosea kusoma, na kuna siku simu haipatikani kabisa.

Watu wanauliza orakoli ipi inaaminika zaidi. Kila moja ina namna yake ya kukosea, na kinachofaa kuulizwa ni kosa la aina gani pozisheni yako, yaani mkopo au biashara uliyoifungua, inaweza kulivumilia. Tena, wewe hauchagui orakoli moja kwa moja. Unachagua jukwaa, na jukwaa limeshachagua orakoli na namna ya kuisoma. Msimamo wetu ni kwamba kina cha soko la sarafu husika, yaani pesa inayohitajika kuisogeza bei yake, pamoja na namna jukwaa linavyoisoma bei, vina uzito kuliko jina la orakoli. Hata hivyo majina haya yana tofauti zinazofika mfukoni, kwa hiyo tuanze nayo.

Chainlink: bei inasukumwa ndani

Chainlink iko kwenye mtandao mkuu wa Ethereum tangu Mei 2019, na ndiyo inayosomwa na majukwaa makubwa ya mikopo kama Aave na Compound. Kila mlisho wa bei una kundi la nodi, yaani kompyuta, zinazoendeshwa na kampuni tofauti. Kila nodi inachukua bei kwa wakusanyaji wa takwimu ambao wameshachanganya masoko mengi, nodi zinakubaliana nje ya mnyororo, kisha inaandikwa namba ya katikati. Uzuri wa namba ya katikati ni kwamba nodi moja ikileta bei ya ajabu, jibu halitikisiki. Ili lipotoke, inabidi zaidi ya nusu ya majibu yaliyomo kwenye ripoti yawe na kosa kwa pamoja.

Bei haiandikwi kila sekunde kwa sababu kila kuandika kunalipiwa gesi, yaani ada ya mtandao. Inaandikwa linapotimia moja kati ya masharti mawili: bei imesogea kiasi fulani, au muda wa lazima umepita. Kwa ETH/USD kwenye Ethereum masharti hayo ni asilimia 0.5 au saa 1. Kwa USDT/USD (USDT ni sarafu inayofuata dola) ni asilimia 0.25 au takriban saa 24. Kwa hiyo ukikuta bei ya USDT haijaandikwa upya tangu jana jioni, mlisho haujafa. Bei haikusogea vya kutosha. Wengi hukosea hapa. Wanaangalia umri wa bei bila kuangalia sharti la mlisho husika. Bei ya ETH yenye umri wa dakika 50 ni ya kawaida kabisa, lakini ikifika saa 3 kuna jambo limeharibika.

Hiyo asilimia 0.5 ina uzito gani? Chukua mkopo wa kawaida: umeweka ETH ya dola 1,000, umekopa USDC 400 (sarafu nyingine inayofuata dola), na jukwaa linauza dhamana deni likifika asilimia 83 ya thamani yake. ETH inabidi ishuke karibu asilimia 52 ndipo uguswe. Ukikopa 600, inabidi ishuke karibu asilimia 28. Kwenye nafasi kubwa namna hiyo, kuchelewa kwa nusu asilimia hakukudhuru. Sasa chukua dola 100 kwa leveraji (biashara kwa mtaji wa kukopa) ya mara 50, yaani pozisheni ya dola 5,000. Jukwaa likidai dhamana isishuke chini ya asilimia 1 ya pozisheni, bei ikisogea asilimia 1 kinyume nawe umeisha. Hapo nusu asilimia ni nusu ya uhai wako. Ndiyo maana GMX toleo la pili, jukwaa la leveraji, halitumii milisho hii ya kusukuma bali Data Streams, bidhaa nyingine ya Chainlink inayovutwa papo hapo. Ukisikia jukwaa la leveraji linasema linatumia Chainlink, uliza ni ipi.

Kosa lililouma zaidi upande huu lilitokea Mei 12, 2022, wakati sarafu ya LUNA ilipoporomoka. Mlisho wa LUNA/USD ulikuwa na sakafu ya dola 0.10, na haukuweza kuandika bei iliyo chini ya hapo. Soko liliendelea kushuka hadi karibu senti moja. Watu wakanunua LUNA kwa senti moja, wakaiweka dhamana kwenye majukwaa ya mikopo ya Venus na Blizz Finance ambako ilihesabiwa kwa senti kumi, wakakopa mali nzuri na kuondoka nayo. Venus ilipoteza takriban dola milioni 11, Blizz zaidi ya milioni 8. Mara nyingi kisa hiki kinasimuliwa kana kwamba waliokuwa na LUNA ndio walioumia. Hasara iliwaangukia walioweka akiba zao kwenye majukwaa hayo, na wengine hawakuwahi kugusa LUNA. Orakoli ya sarafu yoyote inayokubaliwa kama dhamana kwenye jukwaa lako ni hatari yako pia, hata kama wewe umeweka USDT peke yake.

Jambo lingine ni minyororo ya tabaka la pili, iliyojengwa juu ya Ethereum. Desemba 15, 2023 kipanga-miamala cha Arbitrum, mmojawapo wa minyororo hiyo, kilisimama kwa zaidi ya saa moja. Katika hali kama hiyo bei haisasishwi, nawe huwezi kuongeza dhamana. Kinaporudi, bei inaruka ghafla, na roboti za likwidesheni ziko mbele yako. Aave imeweka ulinzi unaochelewesha likwidesheni baada ya mtandao kurudi ili watu wapate nafasi ya kulipa. Majukwaa madogo mengi hayana ulinzi huo, na nyaraka zao hazilisemi mpaka ulitafute.

Pyth: bei inavutwa unapoihitaji

Pyth ilianza kwenye blokucheni ya Solana Agosti 2021. Hapa wanaoleta bei ni masoko na kampuni za biashara zenyewe, zaidi ya 100, na bei inatengenezwa upya takriban kila milisekunde 400 kwenye mnyororo wake maalumu. Haiandikwi kwenye kila blokucheni mpaka mtu aivute: anayetuma muamala anaibeba bei iliyosainiwa, analipa ada ndogo, mkataba unakagua saini na umri wake, kisha unaitumia. Imetumika sana kwenye majukwaa ya leveraji kama Drift na Synthetix.

Pyth ina kitu ambacho milisho ya kawaida ya Chainlink haina: kila bei inakuja na ukubwa wa shaka. Haikuambii tu BTC ni 100,000. Inakuambia ni 100,000 kujumlisha au kutoa 50. Watoa bei wakikubaliana, shaka inakuwa ndogo. Wakipishana, inapanuka. Mkataba ulioandikwa vizuri unakataa kufanya likwidesheni shaka ikipita kiwango fulani. Ulioandikwa vibaya unachukua namba ya kati na kutupa nyingine.

Na Pyth imewahi kukosea waziwazi. Septemba 20, 2021, saa 9 na dakika kama 20 alasiri kwa saa za hapa, bei ya BTC/USD iliyoandikwa ilishuka hadi takriban dola 5,400 kwa dakika chache, wakati masoko yote yalikuwa juu ya 40,000. Watoa bei wawili walikosea kushughulikia nukta za desimali, na kanuni ya kuchanganya bei wakati huo iliwapa uzito kupita kiasi. Kuna waliopoteza pozisheni ingawa soko halikuwa limesogea. Kanuni ilirekebishwa. Funzo lililobaki ni kwamba mtoa bei wa moja kwa moja ana kasi, lakini kosa lake halipitii kwa mkusanyaji mwingine wa kulichuja.

Udhaifu wa kuvuta ni kwamba bei ikikosa wa kuibeba, iliyoko kwenye mnyororo inabaki ya zamani. Vilevile, mtumiaji akiruhusiwa kuchagua bei yoyote ya sekunde 60 zilizopita, atachagua ile inayompa faida, na atakayelipa ni waliotoa mtaji. Majukwaa makini yanakwepa hilo kwa kupokea oda kwanza, kisha kuitekeleza kwa bei iliyosainiwa baada ya oda kuingia. Ndiyo maana oda yako inakaa sekunde mbili tatu kabla ya kukamilika. Subira hiyo ni kinga. Na kumbuka kwamba Solana yenyewe ilisimama Februari 6, 2024 kwa karibu saa 5. Orakoli inaweza kuwa nzima huku barabara imefungwa.

TWAP: wastani wa ndani ya mnyororo

Tangu toleo la pili la Uniswap, soko la ndani ya mnyororo, Mei 2020, mkataba unaweza kusoma wastani wa bei kwa muda (TWAP) kutoka kwenye bwawa la biashara lenyewe, yaani mtaji wa sarafu mbili uliowekwa pamoja ili watu wabadilishane, bila mtu wa nje. Hakuna nodi, hakuna ada ya usajili, na sarafu mpya inapata bei siku inayozinduliwa. Unapotumia wastani wa dakika 30 kwenye Ethereum, unachukua bloku kama 150.

Wastani huo unachelewa kwa maumbile yake. Bei ikidondoka asilimia 10 ghafla na kubaki hapo, dakika 3 baadaye wastani umeshuka asilimia 1 tu, na dakika 15 baadaye kama 5. Kwa mkopo, mdaiwa anapata nafuu, ila anayehifadhi akiba anabeba mzigo. Ukiufupisha muda ili uende na soko, unaufanya uwe rahisi kuchezewa. Inverse Finance ilipoteza takriban dola milioni 15.6 Aprili 2, 2022 kwa njia hii: mtu alitumia ETH 500 kununua INV, sarafu ya jukwaa hilo, kwenye mabwawa yenye mtaji mdogo, bei ikapaa, wastani wa muda mfupi ukaimeza, naye akakopa dhidi ya INV hizo zilizovimba.

Bei ya papo hapo ya bwawa, isiyo na wastani wowote, usiiguse kabisa. bZx iliumizwa nayo Februari 2020 kwa mikopo ya papo kwa papo (inayochukuliwa na kulipwa ndani ya muamala mmoja), na Harvest Finance ikafuata Oktoba mwaka huohuo kwa zaidi ya dola milioni 30. Jukwaa likikuambia leo linasoma bei ya papo hapo kutoka kwenye bwawa moja, funga ukurasa.

Bei ya jukwaa lenyewe

Hyperliquid, jukwaa la leveraji lenye mnyororo wake, haitumii orakoli ya nje kwa sarafu zake kuu. Wathibitishaji wake wenyewe, yaani wanaouendesha mnyororo huo, wanaandika bei kila sekunde 3, wakichukua namba ya katikati yenye mizani kutoka masoko kama Binance, OKX, Bybit na Kraken, huku Binance ikiwa na uzito mkubwa zaidi. Kwa BTC na ETH mfumo huu unakwenda vizuri na unafuata soko kwa karibu. Shida inaonekana kwenye sarafu ndogo. Machi 26, 2025, sarafu iitwayo JELLY ilisukumwa juu ili kuibana hazina ya jukwaa. Wathibitishaji wakapiga kura, wakaiondoa sokoni, na kufunga pozisheni zote kwa dola 0.0095, chini sana ya bei iliyokuwa ikionyeshwa na orakoli dakika hiyo. Waliokuwa upande wa kupanda walipokea bei ambayo haikuwepo sokoni. Unapofanya biashara mahali kama hapo unaukubali pia uamuzi wa watu.

Binance na masoko mengine ya kampuni yako kundi hilihili, kwa kuwa yanathaminisha dhamana kwa fahirisi zao wenyewe. Oktoba 2025, baada ya saa 6 usiku wa kuamkia tarehe 11 kwa saa zetu, USDe, sarafu inayofuata dola, ilishuka hadi karibu dola 0.65 ndani ya Binance huku ikibaki karibu na dola 1 kwenye mabwawa makubwa ya nje. Fahirisi ilitegemea kitabu cha oda cha Binance yenyewe, kwa hiyo walioitumia kama dhamana waliuziwa. Baadaye Binance ililipa fidia ya takriban dola milioni 283. Usiku huohuo Aave, iliyokuwa imeifunga bei ya USDe kwenye ya USDT, haikuuza. Hesabu ya Aave iliwaokoa wakopaji kwa sababu USDe ilirudi. Isingerudi, walioweka akiba wangebaki na deni lisilolipika.

Inayochelewa kwa makusudi

MakerDAO, jukwaa la mikopo linaloitwa Sky tangu 2024, iliweka moduli inayochelewesha bei kwa saa 1 kabla haijaanza kutumika kwenye hifadhi zake za ETH. Bei inayofuata inaonekana mapema na kila mtu, kwa hiyo una saa nzima ya kuongeza dhamana au kulipa deni. Kwa mtu ambaye umeme au mtandao unaweza kumkatikia, saa hiyo moja ina thamani kubwa kuliko kasi ya milisekunde. Haikuzuia kila kitu: Machi 12, 2020 gesi ilipanda mno, minada ikakosa washindani, na dhamana ya zaidi ya dola milioni 8 ikachukuliwa kwa dau la sifuri. Sababu kubwa ilikuwa msongamano wa mtandao na muundo wa minada.

Kwa kutazama haraka:

| | Kasi ya bei | Kosa lake la kawaida | Nani anaumia kwanza |
|---|---|---|---|
| Chainlink ya kusukuma | asilimia 0.5 au saa 1 kwa ETH na BTC kwenye Ethereum | bei kuchakaa, sakafu na dari za bei | walioweka akiba |
| Pyth | milisekunde mia kadhaa, ikivutwa | mtoa bei kukosea, jukwaa kupuuza ukubwa wa shaka | mwenye leveraji kubwa |
| TWAP ya dakika 30 | inachelewa hadi nusu saa | bwawa dogo kusukumwa | walioweka akiba |
| Bei ya jukwaa lenyewe | sekunde 3 au chini | soko moja kuwa kila kitu, uamuzi wa watu | mwenye sarafu ndogo |
| Moduli ya Maker | saa 1 nyuma | soko kudondoka ndani ya saa hiyo | mfumo wenyewe |

Dhahabu

Mwanza ina kiwanda cha kusafisha dhahabu tangu 2021, Geita iko ng'ambo ya Daraja la Kigongo–Busisi, na wengi hapa wanaifahamu bei ya wakia kuliko ya ETH. Kwa hiyo XAU/USD (bei ya wakia ya dhahabu kwa dola) na PAXG (sarafu inayowakilisha dhahabu) zinavutia. Tahadhari ni mbili.

Kwanza, soko la dhahabu la dunia linafungwa wikiendi. Kwa saa za Afrika Mashariki linafungwa saa 6 usiku wa kuamkia Jumamosi na kufunguliwa saa 7 usiku wa kuamkia Jumatatu, na muda huo unasogea saa moja mbele Marekani inaporudisha saa nyuma. Katikati hapo mlisho wa XAU/USD unarudia bei ya Ijumaa, lakini PAXG inaendelea kuuzwa kwenye masoko ya kripto. Habari kubwa ikitokea Jumapili, bei hizo mbili zinaachana. Jukwaa linalothaminisha PAXG kwa mlisho wa XAU linakuwa na bei ambayo haiko sokoni, na usiku wa kuamkia Jumatatu bei inaruka bila kupita katikati, kwa hiyo oda yako ya kuzuia hasara inatekelezwa mahali pengine kabisa. Usilale na leveraji ya dhahabu Ijumaa.

Pili, mtu anayeunganisha mlisho na soko anaweza kukosea hata kama mlisho ni mzima. Oktoba 2024 soko moja la PAXG/USDC kwenye jukwaa la mikopo la Morpho liliundwa na orakoli iliyopangwa vibaya. PAXG ina desimali 18, USDC ina 6, na tofauti hiyo ya tarakimu 12 haikusawazishwa. Mtu aliweka PAXG ya dola kama 350 akakopa USDC takriban 230,000. Kwenye Morpho kila soko lina orakoli yake isiyobadilika, iliyochaguliwa na aliyelifungua. Kwa hiyo jina la Morpho halikuhakikishii chochote kuhusu soko moja moja. Kagua lile unaloweka pesa.

Ukiwa kando ya ziwa

Orakoli inaendelea kusoma bei hata wewe usipokuwa hewani. Mei 12, 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikadorora nchi nzima kwa siku kadhaa. Kuanzia Oktoba 29, 2025 intaneti ilizimwa kwa takriban siku 5. Mtu mwenye mkopo unaostahimili mshuko wa asilimia 50 alirudi akaukuta ulivyokuwa. Mwenye leveraji ya mara 20 alikuwa mikononi mwa bei, na hakuna orakoli iliyoweza kumsaidia. Kwa hiyo pima pozisheni kwa siku unazoweza kukosa mtandao, sio kwa dakika. Weka laini mbili za kampuni tofauti, betri ya akiba kwa ruta, na kiasi cha USDC kwenye waleti ileile iliyo na deni, pamoja na sarafu ya kulipia gesi ya mnyororo huo. Ukilazimika kununua USDT kwa mtu binafsi kupitia M-Pesa au Airtel Money wakati soko linadondoka, utachelewa, na bei ya shilingi utakayopewa haitoki kwenye orakoli yoyote. Ni bei ya muuzaji, nayo hupanda siku za hofu.

Takwimu za mfumuko wa bei za Marekani hutoka saa 9:30 alasiri kwa saa zetu, au saa 10:30 katika miezi yao ya baridi. Dakika tano kabla na tano baada, ukubwa wa shaka kwenye Pyth unapanuka na gesi inapanda. Ni dakika mbaya za kufungua pozisheni kubwa, kwa orakoli yoyote.

Na ukipoteza kwa bei mbovu, usitegemee pa kushtaki. Tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 halikuzitambua sarafu hizi, ingawa Sheria ya Fedha ya 2024 imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Iingize kodi hiyo kwenye hesabu ya faida kabla hujafurahi.

Namna ya kukagua kabla ya kuweka pesa

Fungua nyaraka za jukwaa na utafute ukurasa wa orakoli. Lisipoitaja orakoli kwa jina na kwa anwani ya mkataba, umeshapata jibu. Kwa Chainlink, nenda data.chain.link, chagua mnyororo sahihi, kwa kuwa ETH/USD ya Ethereum na ya Arbitrum ni milisho miwili yenye masharti tofauti, kisha soma sehemu zilizoandikwa "Deviation threshold" na "Heartbeat". Andika namba zote mbili.

Kisha bandika anwani ya mlisho kwenye Etherscan, tovuti ya kuchungulia mikataba na miamala ya Ethereum, fungua "Read Contract", bonyeza latestRoundData. Utapata namba tano. Zinazokuhusu ni answer na updatedAt. Milisho ya dola ina desimali 8, hivyo 312345000000 ni dola 3,123.45. updatedAt iko kwa sekunde za Unix, zinazohesabiwa tangu mwanzo wa 1970. Igeuze kuwa tarehe na saa, ongeza saa 3, na upime umri wake dhidi ya muda wa lazima ulioandika. Linganisha bei hiyo na Coinbase na Kraken. Tofauti ikiwa kubwa kuliko sharti la mlisho na ikadumu zaidi ya dakika chache, usiingie.

Kwa Pyth, fungua ukurasa wa sarafu na ugawe ukubwa wa shaka kwa bei. Kwa BTC siku tulivu utakuta sehemu ndogo ya asilimia 0.1. Ikifika asilimia 1, watoa bei hawakubaliani na sisi tungekaa nje. Tafuta pia kwenye nyaraka umri wa juu wa bei unaokubaliwa na mkataba. Sekunde 60 kwa mkopo si neno. Kwa leveraji ni ndefu mno.

Kipimo cha mwisho ndicho tunachokithamini zaidi, nacho ndicho wengi hukiruka. Nenda kwenye tovuti ya CoinGecko, fungua sarafu, sehemu ya masoko, utazame safu za kina cha asilimia 2 juu na chini. Jumlisha kwa masoko makubwa. Hiyo ni takriban pesa inayohitajika kuisogeza bei kwa asilimia 2. Mango Markets iliporwa zaidi ya dola milioni 100 Oktoba 11, 2022 bila orakoli kudanganya hata kidogo: sarafu yake, MNGO, ilikuwa na soko jembamba, mtu akainunua mpaka bei ikazidi mara 10, orakoli zikaripoti bei hiyo ya kweli, na jukwaa likamkopesha. Mwezi mmoja kabla, sarafu ya AVAX ilichezewa kwa mtindo wa karibu dhidi ya GMX na watoa mtaji wakapoteza zaidi ya dola nusu milioni.

Ipi kwa nani

Unakopa dhidi ya BTC au ETH na huwezi kukaa na simu mkononi: jukwaa la mikopo linalosoma Chainlink, deni lisizidi asilimia 40 ya dhamana. Hifadhi zenye ucheleweshaji wa saa 1 zinafaa pia, na kwa mtu wa kisiwani Ukerewe au Ukara tungezipa nafasi ya kwanza.

Unafanya biashara ya leveraji kwa saa chache na uko mtandaoni muda wote: Pyth au Data Streams, kwenye jukwaa linalopokea oda kwanza na kutekeleza baadaye, BTC na ETH tu, leveraji isipite mara 5. Bei ya wathibitishaji kama ya Hyperliquid inafaa kwa sarafu hizo hizo kubwa, sio zaidi.

TWAP tungeikubali pale tu inapotumika kama mlinzi wa pili, yaani jukwaa linasimamisha shughuli orakoli kuu inapoachana nayo sana.

Kwa sarafu ndogo hatuna orakoli ya kupendekeza, kwa sababu tatizo liko kwenye soko lenyewe. Na kama wewe ni mweka akiba tu, pitia orodha ya dhamana zote zinazokubaliwa na jukwaa lako, chukua ile yenye kina kidogo kuliko zote, na uangalie kikomo cha mkopo kilichowekwa juu yake. Kikomo hicho kikiwa kikubwa kuliko kina cha soko lake, toa USDT yako na uihamishie kwenye soko lililotengwa, lenye dhamana moja unayoifahamu.